Maswali na majibu: Vifaa vya waokoaji vinavyotafutana bila mnara

Moto ukizuka ndani kabisa ya msitu wa Sao Hill na mtandao haupo, vifaa vya kikosi vinaweza kujua wenzao wako karibu? (Msomaji, Mafinga)

Vinaweza, mradi viwe vimeundwa kwa kazi hiyo. Shirika la viwango vya simu, 3GPP, liliweka huduma ya vifaa kutambuana moja kwa moja katika toleo la 12 la LTE (teknolojia ya mtandao wa 4G), mwaka 2015. Ila toleo hilo lilitaka kifaa kiwe ndani ya eneo la mnara ndipo kitafute wenzake. Waokoaji walio nje ya mtandao waliwezeshwa kutafutana katika toleo la 13, mwaka 2016. Mnara ukikosekana, kifaa kimoja hurusha mawimbi ya kulinganisha saa na vingine hukifuata, vyote vijue lini vitume na lini visikilize.

Mbona tukiwa wengi huambiwa vifaa vitachelewa kuonana? (Mbalizi)

Swali zuri sana, na ndipo penye kazi kubwa. Kila kifaa huchagua kwa bahati nasibu nafasi ya kujitangaza. Viwili vikiangukia nafasi moja, jumbe zinagongana, hakuna anayesikika. Tena kifaa kinachotuma hakisikii kwa wakati huohuo.

Tuseme malori yamepata ajali mteremkoni, vifaa 40 vimekusanyika, na nafasi ni 20 kwa kila mzunguko, yaani kipindi cha kutafutana kinachojirudia. Vyote vikituma kila mzunguko, jumbe zinazopita bila kugongana ni 5 na ushei. Kila kimoja kikituma kwa uwezekano wa asilimia 50, zinapita 7 na ushei. Shusha hadi 25, zinarudi 6, kwa kuwa nafasi nyingi zinakaa tupu. Kiwango cha 3GPP kinaruhusu asilimia 25, 50, 75 na 100, basi anayepanga vifaa lazima achague. Naomba sana asiweke 100 kwa kudhani ndiyo haraka. Kikosi cha watu sita, sawa, 100 inafaa. Umati wa waokoaji unataka kifaa kinachohesabu majirani wake na kujipunguza chenyewe. Kwa majeruhi aliyebanwa ndani ya gari, kila mzunguko uliopotea ni muda wake.

Betri itafika asubuhi? Kwetu huku baridi, na kuchaji ni shida. (Makete)

Mzunguko wa kutafutana unaweza kupangwa uwe mfupi, chini ya sekunde moja, au mrefu hadi sekunde 10.24. Ukiwa mrefu, betri inapona lakini mwenzako anachelewa kuonekana. Ipo pia njia ya kuuliza badala ya kutangaza: kiongozi anaita kundi fulani, wanaohusika tu ndio wanajibu.

Simu yangu ya kawaida inayo? (Uyole)

Hapana, ndugu yangu. Simu za madukani hazina uwezo huo wa LTE. Bluetooth ni teknolojia nyingine, ya masafa mafupi.

Je, mawimbi hayo yatavuka mwamba wa Kitonga? (Ilula)

Usiyategemee. Kifaa cha kawaida cha LTE hutuma kwa nguvu ya wati 0.2 hivi, na mlima ukikaa katikati unaziba. Toleo la 13 lilileta msaada: mwokoaji aliye mahali penye mtandao, kifaa chake kinakuwa daraja la wenzake walio bondeni. Kwa hiyo kikosi kikishuka, mmoja abaki juu, pale anapopata mnara na pia kuwasikia walio chini. Akiondoka hapo, walio chini wanapoteza njia ya kufika makao makuu.