Maswali na majibu: Je, skripti yako imejaribu kukataliwa?

Mzee, skripti yangu ya Python inatuma amri zote kwa kompyuta ya posti ya umeme na zote zinajibiwa vizuri. Naweza kusaini kwamba jaribio limekwisha? (Fundi, Kampemba)

Usisaini, mwanangu. Katika itifaki ya IEC 60870-5-104, yaani lugha ya kuamuru posti kutoka mbali, jibu la kupokea amri linatoka kwa kompyuta, si kwa disjonkta, ile swichi inayokata mzigo. Waya unaweza kuwa umelegea na jibu likaja vilevile. Skripti isubiri ishara ya nafasi ya disjonkta: 1 imefunguka, 2 imefungwa, 0 iko njiani, 3 haieleweki. Muda ukipita na bado unasoma 0, andika kwamba jaribio limeshindwa.

Hapo umefika nusu ya kazi. Amri zinazopaswa kukataliwa umezijaribu? Seksiona ni swichi ya kutenganisha tu: ya ardhi ikiwa imefungwa, seksiona ya baa (inayounganisha na nyaya kuu za posti) isikubali kufungwa. Mzigo ukipita kwenye disjonkta, seksiona isisogee hata kidogo, maana haikutengenezwa kukata mzigo. Ikifunguka, moto wa umeme unaozuka hapo unaweza kuua aliye karibu. Nimeona karatasi nyingi ambazo fundi alijaribu mistari mitatu ya juu, jua likawa kali, akaandika "sawa" mpaka chini. Chukua seksiona mbili za baa, ya ardhi, disjonkta, na ufunguo unaochagua amri zitoke hapa au mbali: vitu vitano, kila kimoja hali mbili, jumla hali 32. Skripti izipitie zote, na katika kila moja ijaribu kila amri. Majibu yanayotarajiwa yatoke kwenye michoro ya ingenieri. Ukiyachukua kwenye faili iliyopanga mashine yenyewe, ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani.

Ping inajibu lakini GOOSE, ujumbe wa haraka ambao rele hutumiana, haifiki. Shida ni nini? (Likasi)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linaletwa bila hata mstari mmoja wa faili ya SCD, inayoeleza mpangilio wa vifaa vya posti. GOOSE haitumii anwani ya IP, kwa hiyo ping haikuambii kitu. Kagua VLAN (kigawanyo cha mtandao) na anwani ya multikasti (ya kutumia wengi kwa pamoja), halafu tazama kama stNum, namba ya hali ndani ya ujumbe, inaongezeka hali inapobadilika.

Kumbukumbu za matukio ya Lubumbashi na ya Kinshasa zinapishana kwa saa moja kamili. Rele, kifaa cha ulinzi kinachoziandika, ni mbovu? (Katuba)

Rele ni nzima. Sisi wa Lubumbashi tuko UTC+2 (saa mbili mbele ya saa ya dunia), Kinshasa UTC+1. Weka kumbukumbu zote katika UTC, saa ya hapa ionekane kwenye skrini tu.

Laptop yangu inaweza kupima muda wa ujumbe wa rele wa kukata umeme? (Ruashi)

Hapana. Ujumbe huo unatakiwa kufika ndani ya milisekunde 3, na Windows peke yake inaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Tumia kifaa cha kupimia rele.

Posti iko kazini. Naweza kuendesha skripti usiku, watu wakiwa wamelala? (Kolwezi)

Hospitali hailali, mama, wala pampu zinazotoa maji ndani ya mgodi. Kwanza tenganisha nyaya za kukata kwenye viunganishi vya majaribio, kisha weka rele katika hali ya majaribio. Skripti nayo isome hali hiyo kabla ya kila amri. Isipoiona, isimame yenyewe. Na pawe na mtu mbele ya kabati, mwenye simu mkononi.

Hukuuliza hili, lakini nalisema kwa sababu naliona kila mahali: laptop ya majaribio inayovuta intaneti kwa simu huku imechomekwa kwenye mtandao wa posti. Desemba 2016 huko Ukraine, programu ya wavamizi ilizungumza itifaki hiyohiyo ya 104, ikafungua disjonkta, na sehemu ya Kyiv ikakaa gizani kwa saa moja hivi. 104 yenyewe haiombi nenosiri. Anayefika kwenye mtandao anaamuru. Skripti yako ina anwani zote na amri zote za posti. Ukimaliza, chomoa waya, ifute kwenye kompyuta ya posti, na usiitume kwenye kundi la WhatsApp la mafundi, hata wakikuomba vipi.