Ukitaka kuielewa "Spectrum", anza na besi

Mara ya kwanza niliposikiliza "Spectrum", albamu ya mpiga ngoma Billy Cobham ya mwaka 1973, niliizima kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati. "Quadrant 4" huanza kwa kasi kubwa, ngoma mbili zinazopigwa kwa miguu zikifukuzana huku gitaa la Tommy Bolin na kinanda cha Jan Hammer vikijibizana, nami masikio yangu yote nilikuwa nimeyaelekeza kwa Cobham kwa kuwa albamu ni yake. Isitoshe, nilisikilizia spika ya simu, ambayo besi haitoi kabisa.

Kwa hiyo wewe unayeanza kusikiliza jazi iliyochanganywa na roki, tafuta hedifoni nzuri, uuruke wimbo huo kwa sasa, uende moja kwa moja kwenye "Stratus". Zivumilie dakika zake za mwanzo, zenye milio ya sinthesaiza na ngoma zisizotulia, mpaka Lee Sklar atakapoingia na gitaa la besi. Kipande anachopiga ni kifupi, naye hukirudia kwa dakika kadhaa karibu bila kukibadilisha. Kishike hicho. Ukishaweza kukiimba kimoyomoyo bila kupotea, ndipo umgeukie Cobham, usikie anavyopenyeza mapigo hafifu katikati ya yale mazito, na anavyoporomosha mikono kutoka ngoma moja hadi nyingine kisha akatua palepale besi inapoanza upya. Mimi nilirudia usiku nne au tano, taa zimezimwa, hadi kichwa changu kikaanza kuinama chenyewe kila alipotua. Kundi la Massive Attack nalo lilikichukua kipande hichohicho mwaka 1991 na kukijengea wimbo wa "Safe from Harm", na sishangai.

Alipoirekodi albamu hii, Cobham alikuwa bado anapiga na Mahavishnu Orchestra, kundi lenye midundo migumu kuhesabu, na ndiyo maana naiona nidhamu ya "Stratus" kuwa ya thamani kuliko mbio zake zote.

Baada ya hapo nenda kwenye "Red Baron", wimbo wa mwisho, ambao hautembei kwa haraka na unakupa nafasi ya kufuata kila chombo. "Le Lis" inaweza kungoja. Kisha rudi "Quadrant 4", lakini safari hii mtafute Sklar kwanza, chini kabisa ya kishindo kile.