Usimfukuze Mfalme, Mzibie Njia

"Mwalimu, shikamoo. Mwanangu anajua kete zote za chesi zinavyotembea, lakini fumbo la chekimeti ya hatua moja linamtoa jasho. Nifanyeje?"

Ujumbe huu wa mama mmoja wa Muheza umenikuta bado natamba mtaani. Watoto wangu wa hapa Ngamiani, Tanga, wanaojifunzia chesi kwenye bodi za kadibodi, Jumamosi wamewachapa wanafunzi wa shule moja ya ada kubwa. Asubuhi yake tuliulizwa mlangoni kama tumekuja kutazama. Kutazama! Matokeo tumeyabeba, lakini swali lile bado linanikaba.

Haya, mama, tuje kwenye fumbo. Chekimeti ni mfalme kushambuliwa na kukosa pa kutokea; cheki ni kushambuliwa tu. Mtoto akishaona cheki, mkono unamtangulia. Kwangu mikono inakaa nyuma, macho ndiyo yanacheza. Panga hivi (herufi ni safu ya wima, namba ni safu ya mlalo): mfalme mweusi g8, vitunda vyake, yaani askari wadogo, f7, g7 na h7. Mweupe ana mfalme g1 na ngome e1. Ngome ikipanda e8, kwisha habari, vitunda vyake mwenyewe vimemfungia mlango. Watoto watashangilia. Waache watulie, kisha sogeza kitunda cha h7 mpaka h6. Wengi watapiga kelele ileile: "Chekimeti!" Wewe uliza tu: "Na h7 kuna nani?" Kwangu palikuwa kimya, mpaka binti mdogo kuliko wote akanong'ona, "Mwalimu, anatokea dirishani."

Huyo ndiye aliyeshinda michezo yake yote Jumamosi.

Kwa hiyo kabla ya kete kuguswa, mtoto ataje kwa sauti kila nyumba ambayo mfalme anaweza kukimbilia, na kete inayoizuia. Ataje zote, hata akichoka. Na asisahau cheki yenyewe: malkia mweupe akitua g6 na mfalme mweusi amebaki peke yake h8, nyumba zote zimezibwa ila mfalme hajashambuliwa. Hiyo ni sare, na nimeona machozi hapo.

Wazazi wenzangu, tunapenda kombe, kukaa na mtoto hatutaki. Judit Polgár wa Hungaria alipata ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha chesi, mwaka 1991 akiwa na miaka 15, na baba yake ndiye aliyewafundisha yeye na dada zake nyumbani. Wewe unashindwa nusu saa baada ya magharibi? Zima simu hiyo.

Mafumbo ya hatua mbili yasubiri. Yakifika zamu, anza na yale ambayo mweusi ana jibu moja tu.