Jibu: Kutembea na fimbo nyeupe kwenye theluji ya Winnipeg

Ndugu uliyeuliza kama kaka yako asiyeona, aliyefika Winnipeg, Kanada, kiangazi hiki kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ataweza kuendelea kwenda kituo cha basi peke yake theluji ikianza: ataweza. Tafadhali msimfungie ndani miezi mitano kwa kumhurumia. Ila namna ya kutembea lazima ibadilike, na mazoezi yaanze sasa, ardhi ikiwa bado inaonekana kwa fimbo.

Theluji inamnyang'anya asiyeona vitu vitatu kwa mpigo. Ukingo wa njia na nyasi alizokuwa akizifuata kwa ncha ya fimbo vinafukiwa. Vigae vya vinundu kwenye kona, vinavyomjulisha kwa mguu au fimbo kwamba amefika barabarani, navyo vinafukiwa. Kisha theluji mbichi inameza sauti: gari lililo karibu linasikika kama liko mbali, na matairi hayavumi kama yanavyovuma kwenye lami kavu.

Kwa hiyo, kabla ya theluji, pitieni njia yake pamoja mkitafuta alama zilizo juu ya goti. Nguzo ya taa, kibanda cha basi, uzio, ukuta, feni ya jengo inayovuma mwaka mzima, mteremko. Mteremko haufukiwi, mguu utausikia hata chini ya theluji. Alama ya chini kama mfuniko wa chuma au ufa wa saruji isahauni mpaka Aprili.

Fimbo yenyewe. Ncha nyembamba kama penseli inazama kwenye theluji na kukwama. Ncha ya mpira unaozunguka ni nzuri kiangazi, lakini maji yakiingia ndani na kuganda haizunguki tena, inakuwa gongo tu. Kwa theluji laini, tafuteni ncha pana ya kisahani au ile iliyopinda kama mguu wa gongo la hoki. Hizo hupita juu badala ya kuchimba. Siku ya barafu tupu, ncha ya chuma inasaidia zaidi kwa sababu barafu inalia kwa sauti kali na theluji iliyoshindiliwa inalia kwa sauti nzito. Awe na ncha mbili, na kabla hamjanunua hakikisheni zinaingia kwenye fimbo yake, maana kuna za kuchomeka na za ndoano.

Asiishike fimbo mpini ukiwa umeelekea tumboni. Ikikwama ghafla kwenye tuta la theluji, mpini unamchoma. Mkono ukae kidogo pembeni ya mwili, kiwiko kikiwa kimelegea. Badala ya kuburuza, agonge kushoto na kulia. Akirudi nyumbani aifute na kuiacha ikauke ikiwa imefunguliwa. Fimbo ya kukunja yenye maji kwenye maungio inaganda, na kesho yake haikunjiki wala haikunjuki.

Mahali pa hatari kuliko pote ni kona. Magreda yanaposafisha barabara yanaacha tuta la theluji mbele ya njia ya kuvukia, na mtu akilizunguka anajikuta katikati ya barabara bila kujua ameelekea wapi. Atafute kwa fimbo upenyo uliokanyagwa na wengine. Akishaupata asimame na ajipange kwa kusikiliza magari yanayokwenda sambamba naye, asijipange kwa kufuata umbo la tuta, kwani tuta halina unyoofu wowote. Kama hakuyasikia vizuri, asubiri mzunguko mmoja zaidi wa taa. Taa zenye sauti zinatumia milio miwili tofauti kwa pande mbili za barabara, basi ajue mapema upi ni wake. Akifika ng'ambo akakuta tuta, asilifuate kwa kutembea barabarani akitafuta mwanya. Sekunde chache zikipita bila kuuona, alipande hapo hapo atoke kwenye njia ya magari, kisha ajipange upya akiwa salama.

Kati ya kona na kona, watu wakikanyaga theluji inajitokeza njia kama mfereji, na kingo zake ni mwongozo mzuri. Tatizo ni kwamba mfereji mwingine unakata kona kwenda mlangoni kwa mtu. Akisikia njia imepinda pasipotarajiwa, arudi hadi alama ya mwisho aliyoifahamu.

Mavazi ni nusu ya kazi. Kofia nene ya koti inaua uwezo wa kujua sauti inatoka upande gani. Ukanda mwembamba wa sufi juu ya masikio unatosha siku nyingi. Baridi ya upepo (yaani baridi jinsi mwili unavyoihisi upepo ukivuma) ikiwa kati ya -28 na -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, hivyo siku hizo masikio yafunikwe vizuri na aende na mtu. Mkono wa fimbo uvae glavu nyembamba ndani na ya kifuko juu. Koti liwe la rangi kali lenye mistari inayong'aa: fimbo nyeupe haionekani mbele ya theluji nyeupe, na Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Simu ikae mfuko wa ndani, maana betri huishiwa nguvu kwenye baridi. Vyuma vya kuzuia kuteleza chini ya viatu avivue kabla ya kuingia dukani. Kwenye sakafu ya vigae ndivyo vitakavyomwangusha.

Mafunzo ya haya yote yapo, bila malipo, kwa Vision Loss Rehabilitation, shirika linalowafundisha wasioona, hapo Manitoba, jimbo lenu. Mkufunzi anakuja kutembea naye kwenye njia yake halisi. Pigeni simu wiki hii, kwa kuwa kila mtu huwakumbuka theluji ikishaanguka. Ombeni pia Winnipeg Transit Plus, usafiri wa mlango hadi mlango, uwepo kwa siku za dhoruba. Na tuta likiziba kona yake au kituo chake, pigeni 311, namba ya huduma za jiji: tajeni majina ya barabara zote mbili na kona ipi kati ya nne, semeni kwamba anayepita hapo haoni, na mwombe namba ya taarifa ili mkipiga tena msianze upya.