Mfadhili mkuu amejitoa: tuanzie wapi kutafuta fedha?

SWALI: Shirika letu la kimataifa linatoa huduma za maji na afya kwa wakimbizi katika nchi tatu. Zaidi ya nusu ya bajeti yetu ilitoka kwa mfadhili mmoja wa serikali, ambaye sasa amesitisha mkataba. Bodi inadai vyanzo vipya, na wajumbe wanataja zaka, bima na hati fungani. Tuanze na kipi?

JIBU: Mashirika mengi yamefikwa na hali kama yenu. USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025, na Uingereza imetangaza kushusha msaada wake hadi asilimia 0.3 ya pato ghafi la taifa ifikapo mwaka 2027, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1970 ni asilimia 0.7. Kwa hiyo mkipeleka andiko lile lile kwa serikali nyingine mtakuta foleni ndefu mlangoni.

Kabla ya kuandika barua yoyote, ichukueni bajeti iliyopungukiwa na mwulize kila kifungu kinahitaji fedha za namna gani: za dharura, za mradi wa miaka kadhaa, au za kuiendesha ofisi yenyewe. Nimeona mara nyingi shirika likipata ruzuku ya dawa huku likishindwa kumlipa mhasibu wa kuzitolea hesabu.

Mlango wa karibu zaidi kwenu ni mifuko ya pamoja, ambamo wafadhili wengi huchangia kapu moja. Mfuko mkuu wa dharura wa Umoja wa Mataifa, CERF, ulioanza kazi mwaka 2006, huyapa fedha mashirika ya Umoja wa Mataifa pekee, nanyi mnaweza kufaidika nao kama watekelezaji tu. Mifuko ya nchi inayosimamiwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu, kinyume chake, hupokea maombi ya asasi za kitaifa na za kimataifa moja kwa moja, mradi zimepita uhakiki wa uwezo: usajili, hesabu zilizokaguliwa, taratibu za manunuzi na kadhalika. Kiwango cha hatari mtakachopangiwa ndicho kitakachoamua mpewe kiasi gani na kwa awamu ngapi, kwa hiyo uhakiki huo uanzeni mapema, hata kama maombi hayajafunguliwa.

Angalieni pia hesabu ya uendeshaji. Mifuko hiyo kwa kawaida hairuhusu zaidi ya asilimia 7 juu ya gharama za moja kwa moja. Mradi wenye gharama hizo za dola 200,000 utawaachia dola 14,000, ambazo ni vigumu kutosheleza mshahara wa mhasibu, kodi ya ofisi na ukaguzi wa mwaka. Sehemu ya mhasibu inayotumika kweli kwa mradi huo iwekwe kwenye bajeti kama gharama ya pamoja, kwa mgawo mnaoweza kuutetea mbele ya mkaguzi. Mkisahau kufanya hivyo, kila ruzuku mpya itawazidishia upungufu.

Zaka ni chanzo cha kweli, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilizindua mfuko wake wa zaka mwaka 2019, lakini haifanani na mchango wa kawaida. Wanaostahili kuipokea ni makundi manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi hushikilia kwamba mpokeaji lazima amilikishwe kile anachopewa. Kwenu ninyi jambo hili ni zito: fedha taslimu au dawa anayokabidhiwa mkimbizi fukara haina utata mkubwa, ila kisima kinachotumiwa na kambi nzima wengi watasema kigharimiwe kwa sadaka au wakfu. Fungueni akaunti ya peke yake, tafuteni fatwa ya maandishi, na amueni tangu mwanzo nani atalipia gharama za ugawaji, kwa kuwa watoaji wengi hawapendi zaka yao ikatwe hata senti.

Bima na hati fungani ningeziweka nyuma kabisa. Kupitia African Risk Capacity, wakala wa Umoja wa Afrika ulioanzishwa mwaka 2012, mashirika ya kibinadamu yanaweza kununua bima ya ukame iliyo pacha na ile ya serikali. Lakini ada hulipwa kabla, na fidia hufuata kipimo kilichokubaliwa, ambacho huweza kukaa kimya hata pale mazao yanapokauka. Nayo hati fungani ya matokeo ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ya mwaka 2017, iliyogharimia vituo vya utengamao (vya kuwasaidia wenye ulemavu wa viungo) nchini Nigeria, Mali na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilichukua fedha za wawekezaji kwanza, kisha wafadhili wakawalipa kulingana na ufanisi wa vituo. Mlipaji wa mwisho, basi, ni mfadhili yule yule, naye hamnaye.

Michango midogo ya kila mwezi kutoka kwa watu binafsi ndiyo fedha huru kuliko zote, ila huchukua miaka kukua, na kuitafuta kunagharimu kabla haijaanza kuingia. Gharama hiyo itatoka kwenye akiba yenu. Iombeni bodi iitengee fungu sasa, kabla akiba yote haijaishia kwenye mishahara ya miradi inayofungwa.