Siku ya kupimwa kwa ajili ya mionzi, mgonjwa asifiche maumivu

Baba alipopangiwa tiba ya mionzi kwa saratani ya mapafu, nilidhani kipimo cha CT (picha za ndani ya mwili) alichoitiwa kilikuwa marudio ya kile kilichogundua ugonjwa, nikanung'unikia gharama. Kumbe hiki huchora ramani ya mwili katika mlalo uleule ambao mgonjwa atalala siku zote za tiba, ambazo kwa baba zilikuwa 30: kitanda kigumu kilichonyooka, mikono juu ya kichwa ili isizuie miale.

Hapo ndipo tulipokosea. Bega la baba lilimsumbua tangu zamani, lakini kijana wa mashine alipomuuliza, "Mzee, unaumia popote?" alijibu, "Hapana, mwanangu, endelea." Akavumilia. Siku ya kwanza ya tiba bega likagoma, mikono haikufika ilipofika awali, na kwa kuwa ramani haikulingana tena na mwili, alirudishwa kupimwa upya, na mpango mzima ukaandaliwa tena. Mgonjwa wenu na aseme ukweli, na muulizeni daktari kama anaweza kumeza dawa ya maumivu kabla. Wanaume wa rika la baba huhitaji kukumbushwa zaidi ya mara moja.

Uvimbe wa pafu nao hautulii: ulio chini, karibu na kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), unaweza kupanda na kushuka zaidi ya sentimita moja kwa kila pumzi. Kwa hiyo baadhi ya hospitali hupiga picha mfululizo na kuzigawa kwa hatua za pumzi, mara nyingi 10, ili njia yote ya uvimbe ionekane. Pumua kama kawaida, maana ukijikaza ili kuwaridhisha wataalamu, utawapa ramani ya pumzi ambayo si yako.

Ukipelekwa pia kwenye PET, kipimo kingine cha picha, utadungwa sukari yenye mionzi, ambayo seli za saratani huifyonza kwa pupa. Ndiyo sababu hutakiwi kula kwa saa 4 hadi 6 kabla yake, na mwenye kisukari hupanga dawa zake na daktari mapema. Picha hiyo husaidia kutenganisha uvimbe na sehemu ya pafu iliyosinyaa, ambavyo kwenye CT hufanana. Lakini kifua kikuu nacho huweza kung'aa humo, hivyo aliyewahi kukiugua alitaje hilo, hata kama ni miaka mingi iliyopita.

Alama za wino zitakazochorwa kifuani msizisugue. Zikififia, waambieni wahudumu. Msizichore upya wenyewe kwa kalamu, kama mama alivyotaka kufanya.