Historia ya mama isiishie kwenye shahada za watoto

Ukihudhuria matanga huku kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, utajua wakati wa kuchukua soda: ni pale mwenye kipaza sauti anapotangaza, "Sasa tusikilize historia ya marehemu." Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto. Hapo ndipo inapoanza safari ndefu: wa kwanza ana shahada ya nini, wa pili anafanya kazi wapi, wa tatu ameoa kwa nani. Mwisho unasikia kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mwenye upendo. Maneno hayo yangesomwa kwenye kaburi la jirani, na hakuna ambaye angeshtuka.

Mama yetu alipofariki, kazi ya kuandika niliangushiwa mimi kwa kuwa ndiye mwalimu wa nyumbani. Nayaandika haya kwa mwenye mama mzee, au aliyefiwa wiki hii na hajui aanzie wapi.

Anzia parokiani. Tarehe iliyokuwa kwenye kitambulisho cha Mama shangazi aliikataa papo hapo. Kitabu cha ubatizo hakibishaniwi kirahisi hivyo, tena kina zaidi ya ubatizo: pembeni huandikwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine, maana parokia hiyo hutakiwa kupeleka taarifa kule mtu alikobatizwa. Vitabu vya zamani vina Kilatini; mwombe padre akusomee. Mle tulikuta jina la msimamizi wake wa ubatizo, mwanamke wa Malaba. Ndipo tulipoelewa kwa nini kila Krismasi Mama alipeleka karanga kwenye nyumba moja ya huko, ambayo sisi tulidhani ni ya wateja wake wa zamani.

Ambayo hayamo kitabuni, usiyaulizie kwa mwaka. Wazee hushika matukio. Papa Paulo wa Sita alipokuja Uganda mwaka 1969, ni mtoto yupi alikuwa mgongoni? Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972, mlikuwa mnakaa nyumba ipi? Ukiuliza hivyo, miaka inajipanga yenyewe.

Kwa mume wa marehemu kuna namna yake. Usimwulize mzee wa rika la baba yangu kama alimpenda mkewe. Atakutazama kama umelewa. Mwulize habari za kazi. Baba alikuwa mtu wa reli. Alianza na injini, akaja kwenye nyumba za wafanyakazi, na mara akafika mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli ikagawanywa. Mshahara ukawa wa kubahatisha. Mama ndiye aliyelisha nyumba, kwa mandazi ya stesheni na kwa magendo.

Naam, magendo. Sukari na chumvi zilikuwa zimeadimika nchini, na mpaka wa Kenya uko pale pale. Mama alivuka na kurudi, sukari chini ya mtama, mtoto juu ya mtama. Kaka yangu mkubwa alitaka tuyafute hayo kwa sababu padre angesikia. Baba akasema yasifutwe, kwani bila sukari ile kaka huyo huyo hangelipiwa karo. Kama Mama aliungama, hilo lilikuwa baina yake na padre wake. Tuliyasoma, na wanawake wa rika lake walicheka kwa sauti, wengine wakaongezea kwamba walikuwa naye. Basi, jambo linalowatia watoto aibu ndilo mara nyingi wenzake wanalomkumbukia. Liulizie kwanza kwao kabla hujalifuta.

Na imani? Usiandike kwamba alipenda kusali, andika alivyosali. Wanajumuiya wake, yaani majirani Wakatoliki waliosali pamoja naye majumbani, walinieleza niliyoyaona tangu utotoni bila kuyatilia maanani. Mwaka 2002, Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza Matendo ya Mwanga, fungu jipya la kutafakari maisha ya Yesu, kwenye Rozari na kuyapa siku ya Alhamisi, Mama aliyapokea, lakini hakuacha Matendo ya Furaha aliyozoea Alhamisi. Akawa anasali yote mawili. Jumuiya ikikutana kwake Alhamisi, walijua watachelewa kwenda kulala. Walinieleza pia kwamba alikwenda Namugongo, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, kwa miguu, kilomita kama 200, kwa nia ya mjukuu aliyekuwa mgonjwa, na sisi akatuambia anakwenda kumsalimu dada yake.

Wajukuu uwaulize peke yao, wazazi wasiwepo. Waulize Nyanya aliwagombeza kwa nini. Mmoja alisema alilipwa shilingi mia tano akisema sala ya Nasadiki bila kukosea, na akikosea alidaiwa.

Kuhusu kusoma: ongea na padre mapema. Taratibu za Misa haziruhusu mahubiri yageuzwe kuwa sifa za marehemu, kwa hiyo historia hupewa nafasi yake, na nafasi hiyo ni fupi. Kurasa mbili, msomaji mmoja. Shahada za watoto ziwekeni kwenye ratiba iliyochapwa, atakayezihitaji atazisoma.

Baadaye msiache nia za Misa, na Novemba mkumbuke makaburi. Kuanzia tarehe 1 hadi 8, anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, pamoja na maungamo, komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu. Sisi tukienda makaburini huichukua historia ile, kwa kuwa kila mara hutokea mtu mwenye la kuongeza.

Baba bado yupo. Nilipomletea daftari alinifukuza, akasema namzika mapema. Siku hizi namwuliza habari za treni tu.